Mwili si Sanamu: Wasichana, Michezo na Taswira ya Mwili

Jua linapoinamia milima ya Udzungwa, kivuli cha milima hiyo hushuka upesi juu ya kijiji cha Mkula, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Mashamba ya mpunga huenea kutoka hapo hadi katikati ya bonde la Kilombero. Saa hiyo ya jioni ndiyo saa ya michezo. Katika viwanja vya shule za bonde hilo, kama ilivyo katika shule nyingi za Tanzania, wavulana huukimbilia mpira wa miguu, na wasichana hupanga timu mbili za mpira wa pete: wachezaji saba upande huu na saba upande ule, juu ya udongo ulioshindiliwa.

Aghalabu huwapo msichana mmoja asiyeingia kiwanjani. Alipokuwa kidato cha kwanza alikuwa wa kwanza kufika; sasa yumo kidato cha pili, naye ameketi pembeni, amejitanda khanga ingawa joto ni kali. Akiulizwa husema tumbo linamwuma, au kwamba amesahau nguo za michezo. Mwalimu mwenye haraka humhesabu kuwa mvivu, na shauri huishia hapo. Lakini huenda kilichomweka pembeni hakimo tumboni wala miguuni. Huenda kimo katika picha aliyo nayo ya mwili wake mwenyewe, na katika hofu ya macho ya wenzake.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtoto na kijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Uchunguzi uliokusanya takwimu za wanafunzi wa nchi nyingi ulionyesha kwamba mwaka 2016 wasichana 85 hivi katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kipimo hicho. Kwa wavulana idadi ilikuwa 78. Zipo sababu nyingi: kazi za nyumbani, ukosefu wa viwanja, ukosefu wa vifaa vya hedhi. Aibu juu ya umbo ni mojawapo, nayo haitibiwi kwa kujenga kiwanja peke yake.

Picha iliyomo ubongoni

Wataalamu wa saikolojia huiita picha hiyo taswira ya mwili. Daktari Paul Schilder, mzaliwa wa Vienna, alilieleza jambo hili kwa mapana katika kitabu alichokitoa mwaka 1935. Alionyesha kwamba mtu hauoni mwili wake kama kioo kinavyouona. Ubongo huchukua habari za macho, za ngozi na za misuli, ukazichanganya na kumbukumbu, na sifa au kejeli alizozisikia mtu tangu utotoni. Kisha hutoa hukumu. Ndiyo maana watu wawili wenye kimo kimoja na uzito mmoja waweza kusimama mbele ya kioo kimoja, na mmoja akatabasamu, mwingine akageuza uso.

Je, hukumu hiyo yaweza kupimwa? Mwaka 1983 Albert Stunkard wa Marekani na wenzake walitoa michoro tisa ya umbo la binadamu, kutoka mwembamba sana hadi mnene sana. Anayechunguzwa huulizwa maswali mawili: mchoro upi unafanana nawe, na mchoro upi ungependa ufanane nawe? Tofauti baina ya majibu hayo mawili ni kipimo chepesi cha kutoridhika. Ikumbukwe kwamba kipimo hiki hakipimi mwili. Chapima umbali uliopo kati ya mtu na matamanio yake.

Mizani ya uzuri hubadilika

Na matamanio hayo hayatoki mbinguni. Katika jamii za mashariki mwa Tanzania, Wazaramo wakiwa mfano mmoja, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akafundwa. Mwali alitunzwa mbali na jua na kazi nzito, na alipotolewa, unene wake na ngozi yake nyororo vilikuwa ushahidi kwamba amelelewa vema. Kisha, katika miaka ya 1980, ukaja ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kwa kuwa ugonjwa huo ulikondesha, wembamba uligeuka kuwa jambo la kunong'onwa. Mtu aliyepungua kwa sababu yoyote ile alitazamwa kwa shaka.

Leo simu ya mkononi huleta mizani nyingine hadi Ifakara na Mkula: kiuno chembamba, ngozi iliyong'arishwa na uso uliorekebishwa kwa programu ya picha. Nguvu ya picha za namna hiyo ilionekana waziwazi katika visiwa vya Fiji, ambako mwili mkubwa wenye nguvu uliheshimiwa kwa muda mrefu. Televisheni ilipofika katika eneo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wa huko. Akarudi mwaka 1998 na kuhoji kundi jingine la wasichana kama hao. Katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Katika kundi la pili waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita.

Tanzania nayo ilipata mjadala wake. Agosti 2021, katika hafla ya michezo iliyofanyika Ikulu, Dar es Salaam, ilitolewa kauli kuhusu vifua bapa vya wachezaji wa kike wa mpira wa miguu na nafasi yao ya kuolewa. Kauli hiyo ilizua maneno mengi ndani na nje ya nchi. Wachezaji wanaotajwa katika mijadala ya namna hiyo ni wenzao wa wale walioifikisha Twiga Stars katika fainali za Afrika za mwaka 2010 huko Afrika Kusini, na tena katika fainali zilizochezwa Morocco mwezi Julai 2025. Swali ambalo mwanafunzi wa sayansi apaswa kuliuliza ni hili: je, ni kweli kwamba michezo humgeuza msichana kuwa mwanamume?

Elimu ya viumbe yasemaje?

Kabla ya balehe, miili ya wasichana na wavulana hukaribiana kwa mafuta na misuli. Balehe inapoanza, homoni ya estrojeni hupanua nyonga za msichana, huotesha matiti, na huweka mafuta katika mapaja na makalio. Wakati wa kasi kubwa kabisa ya kukua, huweza kurefuka kiasi cha sentimeta 8 kwa mwaka mmoja. Mafuta hayo si takataka. Ni akiba, tena ni mjumbe: chembe za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba chakula cha akiba kipo. Akiba ikipungua mno, ubongo hupunguza amri zake kwa ovari, na hedhi huweza kukoma.

Basi msichana anayeona kwamba amenenepa ghafula nyongani akiwa na miaka 13 hajaharibika. Mwili wake unafuata ratiba yake. Kwa kuwa ratiba hiyo haianzi siku moja kwa wote, darasa moja la kidato cha pili huwa na wasichana wenye maumbo ya kitoto na wengine wenye maumbo ya kike kamili, na wote huwa sawasawa.

Kuhusu misuli, homoni inayohusika sana ni testosteroni. Kiasi chake katika damu ya mwanamume mzima kwa kawaida huwa mara nyingi zaidi ya kile cha mwanamke. Mazoezi humwongezea msichana nguvu, pumzi na mifupa imara, lakini hayamwundii homoni za kiume. Matiti nayo ni tezi na mafuta. Mtu akipunguza mafuta ya mwili mzima, huenda na matiti yakapungua kidogo, kisha yakajaa tena. Uwezo wa kunyonyesha hautegemei ukubwa wake, kwani kazi hiyo ni ya tezi, wala si ya mafuta yaliyoizunguka.

Akili iliyogawanyika

Aibu ya mwili ina gharama hata mahali pasipo na mpira. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la ajabu. Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia mmoja mmoja katika chumba chenye kioo. Baadhi walivaa sweta, wengine nguo ya kuogelea. Kisha kila mmoja alifanya mtihani wa hesabu akiwa peke yake. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walipata alama za chini kuliko wanawake waliovaa sweta. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Watafiti walieleza kwamba sehemu ya akili ya wanawake hao ilikuwa kazini kuutazama mwili wao kwa macho ya mtu mwingine, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyofanya hesabu.

Mwaka 2005 Fredrickson na mwenzake Kristen Harrison waliichunguza hali hiyo kwa wasichana waliotakiwa kutupa mpira. Wale waliouhesabu zaidi mwili wao kuwa kitu cha kutazamwa ndio waliotupa vibaya zaidi. Ni dhahiri kwamba mkono wenye nguvu hautoshi, ikiwa mwenye mkono anawaza jinsi anavyoonekana wakati wa kutupa.

Mchezo unaohitaji kila umbo

Hapa ndipo unapofaa mfano wa mchezo ambao haujazoeleka katika bonde la Kilombero, kwa sababu unahitaji sakafu ngumu na laini: mchezo wa rola-dabi. Ulianzishwa na Leo Seltzer mjini Chicago mwezi Agosti 1935, ukiwa mashindano ya kuzunguka uwanja wa duara kwa viatu vya magurudumu. Ulififia baada ya miongo kadhaa, kisha ukafufuliwa na wanawake wa mji wa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoka huko umeenea katika mabara mengi. Katika Afrika, wanawake wa Kairo, Misri, waliunda timu yao mwaka 2012.

Kanuni zake ni nyepesi kueleza. Kila timu huweka wachezaji watano katika njia yenye umbo la yai. Mmoja, mwenye nyota juu ya kofia yake ngumu, ni mpenyaji. Wanne ni wazuiaji. Katika raundi isiyozidi dakika mbili, mpenyaji hujitahidi kulipita kundi la wapinzani na kurudia tena. Akishalipita mara ya kwanza, hupata pointi kwa kila mpinzani anayempita. Wazuiaji humzibia njia kwa nyonga na mabega. Kupiga kwa kiwiko hakuruhusiwi.

Wachezaji wengi wamesimulia kwamba katika mchezo huu walijifunza kuyapenda mapaja na nyonga walizozionea aibu tangu usichana. Fizikia yaeleza sababu. Momenta ni tungamo likizidishwa kwa mwendokasi. Mchezaji wa kilo 50 aendaye kwa meta 6 kwa sekunde ana momenta ya 300. Mchezaji wa kilo 75 anahitaji meta 4 tu kwa sekunde ili aipate 300 ileile. Naye akisimama imara, ni vigumu zaidi kumsukuma. Lakini tazama upande wa pili. Kani ni tungamo likizidishwa kwa mchapuko. Kani ya niutoni 150 humpa mchezaji wa kilo 50 mchapuko wa meta 3 kwa sekunde kila sekunde, ilhali yule wa kilo 75 hupata meta 2 tu. Mwepesi huchomoka upesi. Mzito hukaa imara. Timu yenye wepesi peke yao haina ukuta, na timu yenye wazito peke yao haina mshale.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo la uimara bila viatu vya magurudumu. Mwanafunzi asimame wima, miguu pamoja, na mwenzake amsukume begani polepole, atayumba. Kisha apanue miguu na kukunja magoti kidogo. Sasa kitovu cha uzito kimeshuka na msingi wake umepanuka, naye hayumbi kwa urahisi. Nyonga pana na mapaja mazito, yaliyo chini ya mwili, husaidia kazi hiyohiyo.

Mpira wa pete una mafundisho kama hayo. Pete imewekwa meta 3.05 kutoka ardhini, basi kimo humfaa mfungaji na mlinzi wa goli. Mchezaji wa katikati huzunguka sehemu kubwa ya kiwanja chenye urefu wa meta 30.5, naye huhitaji pumzi na wepesi wa kugeuka. Kwa kuwa mpira sharti uachiwe ndani ya sekunde tatu, macho ya haraka na mkono thabiti huwa na thamani kuliko umbo lolote. Mwalimu mwenye busara hamwulizi msichana ana umbo gani. Humtafutia nafasi ambayo mwili wake una kazi.

Michezo nayo yaweza kudhuru

Isidhaniwe kwamba kila mchezo huponya. Mahali ambapo wembamba huhesabiwa kuwa ushindi, kama katika jimnastiki na mbio ndefu, baadhi ya wasichana hujinyima chakula. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu hatari ya mchezaji kula nishati pungufu kuliko anayoitumia: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, na kinga ya maradhi hupungua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mifupa hujengwa wakati wa ujana, hasara hiyo si rahisi kuilipa baadaye.

Katika bonde la Kilombero lipo jambo jingine la kuangaliwa. Ifakara imekuwa kituo cha utafiti wa magonjwa tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa huko katika miaka ya 1950, na malaria ni mojawapo ya magonjwa yaliyochunguzwa zaidi. Malaria, minyoo ya safura na hedhi nzito zote hupunguza damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba msichana wa umri wa sekondari asiye mjamzito ana upungufu wa damu ikiwa himoglobini yake ni chini ya gramu 12 katika desilita moja. Msichana wa namna hiyo hutweta upesi na huchoka mapema. Akiwa mnene, huambiwa unene ndio unaomchosha. Akiwa mwembamba, huambiwa ni mvivu. Hukumu ya macho imemkosesha kipimo cha damu. Dagaa, perege, maharage na majani ya kijani, pamoja na chungwa au ndimu, humsaidia. Chai ifaa inywewe mbali na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vema. Lakini kwanza apelekwe zahanati.

Kuukubali mwili, basi, hakuna maana ya kuutelekeza. Unene uliokithiri huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu, na wembamba uliokithiri una hatari zake. Lakini kijana hutunza zaidi kitu anachokiheshimu kuliko kile anachokichukia, na faida za mazoezi kwa moyo, mifupa na usingizi hupatikana hata kama mizani haikusogea.

Yaliyo mkononi mwa mwalimu

Hatua chache hazihitaji fedha. Wanafunzi wasipimwe uzito mbele ya wenzao, wala uzito usisomwe kwa sauti. Nguo za michezo ziwe za kumruhusu msichana kukimbia bila kuzishikashika. Palipo na desturi ya kujisitiri, suruali pana na hijabu iliyobana vema havizuii mchezo. Majina ya utani yahusuyo umbo yakomeshwe, hata yale yasemwayo kwa mzaha, na hata yasemwayo na mwalimu. Sifa itolewe kwa kazi iliyofanyika: pasi iliyofika, mpira uliozuiwa, mwenzake aliyeinuliwa alipoanguka.

Lipo pia zoezi la kuandika. Mtafiti Jessica Alleva na wenzake huko Uholanzi walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mpango ambao wanawake vijana wasioridhika na miili yao waliandika mara tatu juu ya kazi ambazo miili yao huzifanya na thamani ya kazi hizo. Baada ya mpango huo waliridhika zaidi na miili yao kuliko wenzao walioandika juu ya mambo mengine. Mwanafunzi wa Mkula hakosi la kuandika. Miguu yake imemfikisha shuleni na kumrudisha. Mgongo wake umeinama katika jaruba la mpunga. Mikono yake imeteka maji, imembeba mdogo wake, imeandika somo la kemia.

Jioni nyingine itakuja, na yule msichana atakuwa amekaa palepale pembeni ya kiwanja. Mwalimu akimwuliza kwa nini hachezi, huenda akajibu tena kwamba tumbo linamwuma. Afadhali aambiwe kwamba timu imekosa mlinzi wa goli, kwamba nafasi hiyo yataka mtu asiyesukumika, na kwamba wenzake wanamngoja. Huenda akakataa siku ile, na siku ya pili. Siku atakayoiweka khanga yake juu ya jiwe na kuingia, mwili wake utakuwa uleule wa jana. Swali aulizwalo mwili huo ndilo litakuwa limebadilika.